Hatia na Deni katika Maradhi ya Kurithi

Katika maswali yaliyoisumbua akili ya mwanadamu, machache ni mazito kuliko hili: kwa nini mtoto ambaye hajatenda jema wala baya, ambaye hakuchagua baba wala mama, aje duniani hali amekwisha kubeba mwilini mwake maradhi aliyopewa na wazee wake? Ajali humpata aliye safarini, na homa humwambukiza aliye jirani. Lakini maradhi ya kurithi humfikia mtu kwa njia ileile iliyomletea uhai, kutoka kwa watu wampendao kuliko wote, kabla hajatoa hata kilio chake cha kwanza. Uchungu wa jambo hili ndio uliowafanya watu wa kila kabila na kila zama wayatafutie maradhi haya mkosaji, kwa kuwa moyo wa binadamu hustahimili adhabu yenye sababu kuliko dhiki isiyo na sababu.

Na mkosaji hakukosa kupatikana. Wako waliosema ni dhambi ya wazazi, wako waliosema ni laana ya mababu, wako waliowatuhumu wachawi na mahasidi, na wengi zaidi, kwa dhuluma iliyo kubwa kupita zote, walimnyoshea kidole mama aliyezaa. Ajabu ni kwamba dini tunazozifuata zilikwisha kuyakataa mawazo haya zamani sana. Nabii Ezekieli, katika mlango wa 18 wa kitabu chake, aliwakanya watu wa taifa lake waliokuwa wakisema kwamba watoto huadhibiwa kwa makosa ya baba zao. Injili ya Yohana, katika mlango wa 9, yasimulia jinsi Yesu alivyoulizwa kama aliyezaliwa kipofu alipofuka kwa dhambi yake au ya wazazi wake, naye akawavua hatia hiyo wote. Na Kurani Tukufu, katika sura kadhaa, yakariri kwamba nafsi haitwishwi dhambi ya nafsi nyingine. Ikiwa vitabu vitakatifu vimesema hivyo, yafaa tujiulize kwa insafu: ikiwa hapana hatia, je, kuna nini? Katika insha hii nadai kwamba kuna deni, na kwamba deni hilo ni letu sisi tulio wazima.

Ili tusinene kwa maneno matupu, na tuchukue maradhi mamoja yanayojulikana sana katika nchi zetu, nayo ni selimundu, ambayo wengi huyaita sikoseli. Chembe nyekundu za damu ya mtu mwenye afya ni za mviringo, bapa na laini, hata huweza kujikunja zikapenya katika mishipa myembamba kuliko zenyewe, na kila moja huishi kwa siku zipatazo 120 ikichukua hewa safi mapafuni na kuigawa katika mwili mzima. Hewa hiyo hushikwa na kitu kiitwacho hemoglobini, na hemoglobini hutengenezwa kwa kufuata maagizo ya jeni, ambayo ni maandishi ya kikemia yaliyomo katika kila fungu la urithi ambalo mtu hupewa na mzazi mmoja, nayo herufi zake zinakaribia bilioni 3. Katika selimundu imebadilika herufi moja tu miongoni mwa hizo zote. Kwa kubadilika kwake, katika mnyororo wa vipande 146 unaojenga sehemu ya hemoglobini, kipande cha 6 huwa kingine. Na kwa sababu ya kipande hicho kimoja, hemoglobini ikiishiwa na hewa hushikamana ikajipanga nyuzinyuzi, chembe ikapinda kwa umbo la mundu, ikawa ngumu, ikanata, ikaziba vijishipa, na ikafa baada ya siku 10 hadi 20. Hapo ndipo huja maumivu ya mifupa yasiyomwacha mtoto alale, macho ya manjano, upungufu wa damu, vidole vya mikono na miguu kuvimba katika utoto, bandama kuharibika hata mwili ukakosa kinga dhidi ya vijidudu vya nimonia, na kwa wengine kiharusi kabla hata ya kubaleghe.

Njia ambayo maradhi haya hurithiwa ni ya mizani isiyopendelea. Kila mtu ana nakala mbili za jeni hii, moja ya baba na moja ya mama. Aliyepata nakala moja iliyobadilika na moja isiyobadilika huitwa mbebaji, naye aghalabu huishi umri wake wote pasipo dalili, asijue analobeba mpaka damu yake ipimwe. Wakioana wabebaji wawili, kila mimba ina nafasi 1 katika 4 ya kuzaa mtoto mgonjwa, 2 katika 4 za kuzaa mbebaji kama wao, na 1 katika 4 ya kuzaa mtoto aliyesalimika kabisa. Wala mimba ya pili haifuati hesabu ya ile ya kwanza, hata ikawezekana nyumba moja ikawa na wagonjwa watatu mfululizo, na nyumba ya pili yenye wazazi wa hali ileile isiwe na hata mmoja. Kanuni iliyo chini ya hesabu hii ilitambuliwa kwanza na mtawa Gregor Mendel kwa kupandisha mimea ya njegere katika bustani ya monasteri huko Brno, akaieleza hadharani mwaka 1865, na dunia haikumsikiliza sawasawa mpaka mwaka 1900, alipokuwa amekwisha kufariki.

Hebu na tutazame maana ya kanuni hii kwa maadili kabla ya kwenda mbele. Ni mama wangapi walioambiwa na mawifi na wakwe kwamba damu ya kwao ni mbaya, ni wangapi waliorejeshwa kwao na watoto wao wagonjwa mgongoni, na ni waume wangapi walioapa kwamba katika ukoo wao hakujapata kuonekana jambo kama hilo! Ilimu yasema, kwa ushahidi usiopingika, kwamba mtoto hawezi kuugua maradhi haya kwa urithi wa mzazi mmoja peke yake: mkono wa baba umo sawasawa na mkono wa mama, na ukoo ambao haujapata kuona mgonjwa waweza kuwa umeichukua jeni hiyo kimyakimya kwa vizazi vingi. Kama elimu ya urithi isingalitufaa kwa dawa yoyote, ingalikuwa imetufaa vya kutosha kwa kumwondolea mwanamke shutuma hii.

Isidhaniwe kwamba maradhi haya yalianza kujulikana siku yalipoandikwa katika vitabu vya Ulaya na Marekani. Mwaka 1910 tabibu James Herrick wa Chicago aliandika habari za kijana mmoja mwanafunzi kutoka visiwa vya Karibi ambaye chembe za damu yake zilikuwa na umbo la mundu, na kwa desturi ya ulimwengu wa utabibu hapo ndipo historia ya selimundu huanzia. Lakini tabibu wa Ghana, Felix Konotey-Ahulu, ameonyesha kwamba watu wa Afrika Magharibi walikuwa na majina ya maradhi haya katika lugha zao kabla ya hapo, Waga wakiyaita chwechweechwe na Waewe wakiyaita nuidudui, naye aliweza kuwafuatia wagonjwa katika nasaba yake mwenyewe, kizazi baada ya kizazi, mpaka mwaka 1670. Wazee hao hawakuwa na darubini, bali walikuwa na macho ya kuona na kumbukumbu ya kuhifadhi, nao walijua kwamba maumivu hayo hufuata ukoo. Kisha mwaka 1949 Linus Pauling na wenziwe huko Marekani walithibitisha kwamba hemoglobini ya wagonjwa hawa ni tofauti na ya watu wengine, na miaka michache baadaye Vernon Ingram, huko Cambridge, akakionyesha kipande kile kimoja kilichobadilika.

Sasa twafikia jambo lililo kiini cha maneno yetu, nalo liligunduliwa katika ardhi yetu wenyewe. Mwaka huohuo wa 1949 kijana Anthony Allison, aliyelelewa Kenya na kusoma utabibu Oxford, alizunguka Kenya akipima damu za watu wa makabila mbalimbali, akaona ajabu: pwani na karibu na Ziwa Viktoria, wabebaji wa jeni ya selimundu walizidi mtu 1 katika kila 5, ilhali katika nyanda za juu, kwenye baridi na ukame, hawakufika hata 1 katika 100. Ikawa hana budi kuuliza: jeni inayoua watoto wengi namna hii yawezaje kudumu katika watu, na kudumu kwa wingi huo, mahali pamoja na isidumu mahali pengine? Akatazama ramani ya malaria, akaona kwamba ramani mbili hizo ni moja. Mwaka 1953 alifanya majaribio kwa Wajaluo 30 waliojitolea kuingizwa vimelea vya malaria: katika 15 waliokuwa wabebaji, vimelea vilionekana kwa 2 tu, na katika 15 wasiokuwa wabebaji vilionekana kwa 14. Mwaka 1954 alitangaza habari hizo, na uchunguzi wa miaka mingi uliofuata umeshuhudia kwamba mbebaji hukingika kwa sehemu kubwa sana na malaria kali, ile iuayo watoto wadogo.

Na tulifikiri jambo hili kwa utulivu, maana ndani yake mna hikima na mna msiba pamoja. Kwa maelfu ya miaka, katika mabonde ya mito na mwambao wa bahari, mbu waliwaua watoto wasiohesabika, na miongoni mwa waliosalia walikuwamo wengi waliosalimishwa na nakala moja ya jeni hii. Hao walikua, wakaoa na kuolewa, wakalima, wakavua, wakajenga miji, wakazaa. Na sisi tunaoishi leo katika nchi hizi, tuwe wabebaji au tusiwe, ni wana wa wana wa watu hao, maana mbebaji huwazaa pia wasiobeba, na nasaba zetu zimesukana hata hapana awezaye kuapa kwamba katika mababu zake hakuwamo hata mmoja aliyeokoka utotoni kwa ajili ya jeni hiyo. Lakini kinga hiyo haikupatikana bure. Kwa kila kizazi walizaliwa watoto waliopata nakala mbili, nao kinga ya wengi ikawa kwao maumivu na kifo. Tena, kwa kuongezea dhiki juu ya dhiki, malaria ileile ambayo mbebaji huihimili ndiyo huwamaliza upesi wao walio wagonjwa. Mji ulioshambuliwa na adui ukaokoka haumwulizi majeruhi wa vita amekosa nini hata akakatika mguu. Hujua kwamba jeraha lake na salama ya mji vimetoka katika vita vilevile, nao humtunza kwa heshima. Mtoto wa selimundu ni majeruhi wa vita ambavyo hakuvichagua, na mji uliookoka ni sisi.

Yamkini msomaji mwenye kupima mambo atapinga kwamba deni haliwi deni pasipo mapatano, na kwamba jeni haina nia, haikukusudia kumwokoa huyu wala kumtesa yule, basi itawezaje kuwafunga watu kwa wajibu? Hoja hii ina nguvu, nami siipuuzi. Lakini madeni makubwa kupita yote tuliyo nayo ndiyo yasiyokuwa na mapatano. Hapana aliyeandikiana hati na mama yake kabla ya kuzaliwa, wala na mwalimu aliyemfunza kusoma, wala na mababu waliochimba visima tunavyonywea; hata hivyo asiyekiri kwamba anadaiwa na hao huhesabiwa kuwa hana fadhila. Chanzo cha deni la namna hii ni kupokea: aliyefikiwa na kheri ambayo gharama yake imelipwa na mwingine amekwisha kuwa mdeni, awe alijua au hakujua, na siku anapojua ndiyo siku wajibu wake unapoanza. Kabla ya 1954 twaweza kusema kwamba hatukujua. Leo hatuna udhuru huo.

Jambo la pili tunalofunzwa na habari hii ni kwamba hapana nasaba chafu. Jeni ileile iliyokuwa ngao katika bonde lenye mbu huwa mzigo mtupu katika nchi isiyo na malaria. Watu waliochukuliwa utumwani wakavushwa bahari mpaka Marekani waliichukua pamoja nao, na vitukuu vyao huugua leo katika nchi ambayo kinga hiyo haiwafai kitu. Katika Oman pia zimekutwa namna za jeni hii zenye asili ya Afrika na ile ya Uarabuni na Bara Hindi, ushahidi kwamba bahari yetu imechanganya damu kama ilivyochanganya lugha. Basi wema na ubaya wa jeni haumo katika herufi yenyewe. Umo katika makutano ya herufi, mahali na wakati. Mwenye kumtazama mbebaji kama mtu wa daraja ya chini amechukua hukumu ya mahali akaifanya hukumu ya utu.

Na hukumu ya namna hiyo imekwisha kuleta maafa duniani, wala haifai tuyasahau. Nchini Ujerumani, sheria ya Julai 1933 iliruhusu kuwafunga uzazi kwa nguvu watu waliodaiwa kuwa na maradhi ya kurithi, na katika miaka iliyofuata wapatao 400,000 walitendwa hivyo, nayo ikawa hatua ya kuelekea mauaji makubwa zaidi. Katika Marekani, mahakama kuu ya nchi ilihalalisha jambo kama hilo mwaka 1927. Hata baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Wamarekani weusi waliokuwa wabebaji tu wa selimundu, wazima wa afya, walikataliwa kazi, na chuo cha jeshi la anga cha nchi hiyo hakikuwapokea mpaka mwaka 1981. Makosa haya yalitendwa na watu wenye elimu, tena kwa jina la elimu, kwa kuwa waliichukua ilimu ya urithi kama fimbo ya kuwachagua wanaostahili kuishi. Anayeijua kanuni ya Mendel asiijue thamani ya mtu ni hatari kuliko asiyejua yote mawili.

Kwa hivyo suala la kupima damu kabla ya ndoa, ambalo mashehe, mapadri na wazee wa jamii huulizwa mara kwa mara, yafaa lijibiwe kwa uangalifu. Saudi Arabia iliufanya upimaji huo kuwa wa lazima tangu mwaka 2004, lakini wachumba wakisha kuelezwa matokeo huachiwa uamuzi wao wenyewe; na naona njia hiyo, ya kutoa ujuzi na kuacha hiari, ndiyo iliyo karibu na uadilifu. Kujua ni haki ya wanaooana, na kumficha mchumba jambo ambalo litamgusa mtoto wenu wa kesho ni kuvunja amana. Lakini kujua kwa wawili kusigeuke kuwa habari ya mtaa mzima: cheti cha damu ni siri ya mwenyewe, na kustiri siri ya mja ni katika ibada. Wachumba wawili wabebaji wakiamua kuachana kwa kuwahurumia watoto watakaokuja, tusiwalaumu. Na wakiamua kuoana, wakiwa na macho wazi na tawakali kwa Mungu, tusiwalaumu pia, wala mtoto wao akizaliwa mgonjwa asipate kusikia kwa yeyote kwamba yeye ni kosa ambalo lingaliepukika.

Iko fikira nyingine ambayo ni lazima tuiondoe, nayo ni ya wale wasemao kwamba maadamu maradhi yameandikwa tangu tumboni, basi ni takdiri, na matibabu ni kushindana na kudra. Lau hoja hii ingalikuwa sahihi, tusingalikula wala kunywa, kwa kuwa na njaa pia imeandikwa katika maumbile yetu. Aliyekadiria maradhi ndiye aliyekadiria dawa, na akili ya kuitafuta ni kipaji chake vilevile. Katika nchi za Afrika zisizo na huduma, yakadiriwa kwamba nusu au zaidi ya watoto wenye selimundu hufa kabla ya kutimiza miaka 5. Lakini mahali watoto wanapopimwa wakingali wachanga, wakapewa penisilini ya kila siku kuwalinda na nimonia, chanjo, kinga ya malaria na asidi ya foliki, wengi wao huishi wakawa watu wazima, wakasoma, wakafanya kazi, wakalea watoto wao. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanyika Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, yakionyesha kwamba dawa iitwayo haidroksiurea hupunguza maumivu, hupunguza maambukizo, na hupunguza vifo vya watoto hawa hapahapa Afrika. Huko Muhimbili, Dar es Salaam, tangu mwaka 2004 wamekuwa wakiandikishwa na kufuatiliwa maelfu ya wagonjwa. Njia zimekwisha kujulikana. Kinachosalia ni nia.

Mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha matibabu mapya ambayo hurekebisha jeni za chembe za uboho wa mgonjwa mwenyewe, na bei yake nchini Marekani ilitajwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja. Twamshukuru Mungu kwa ujuzi huo, lakini twapaswa kusema wazi kwamba wagonjwa wengi wa selimundu duniani huzaliwa Afrika, na katika Tanzania peke yake yakadiriwa watoto wapatao 11,000 kila mwaka. Dawa isiyoweza kuwafikia hao ni ushindi wa akili ambao bado haujawa ushindi wa haki. Kidonge cha penisilini ni cha thamani ndogo sana, na mtoto anayekufa kwa kukikosa hafi kwa sababu ya jeni. Hafi kwa herufi aliyoirithi kwa wazee. Hufa kwa uzembe wa walio hai.

Basi deni letu laweza kutajwa bayana, na laweza kulipwa. Hulipwa na serikali inapomtia mtoto mchanga katika upimaji na kuhakikisha kwamba dawa haikosekani katika zahanati ya kijijini. Hulipwa na kila mzima aendaye kutoa damu, akijua kwamba huenda chupa hiyo ikamwendea aliyebeba maumivu ya kinga iliyowaokoa mababu zetu. Hulipwa na mwalimu asiyemwita mvivu mwanafunzi aliyekosa shule kwa maumivu ya mifupa, na mwajiri asiyemfukuza kazi kwa siku alizolazwa. Hulipwa na mume anayesimama mbele ya ukoo wake akasema kwamba jeni imetoka kwake kama ilivyotoka kwa mkewe. Hulipwa na mhubiri anayetamka msikitini au kanisani kwamba maradhi haya si adhabu ya mtu yeyote. Kwa nini Mungu aliiumba dunia ambayo kinga ya wengi huambatana na mateso ya wachache, hilo ni swali ambalo wenye hikima wamelitafakari kwa karne nyingi, na kila mmoja ana ruhusa ya kulitafakari kwa unyenyekevu mpaka mwisho wa umri wake. Lakini wajibu wa walio wengi kwa walio wachache haungoji jawabu la swali hilo, nao ni wajibu wa leo.